Wageni Wamefika, Wapokeeni Vizuri

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, ami yangu alinishika mkono akanitoa msikitini mpaka Mkunguni, kwetu Lamu, tukaketi kwenye baraza inayoelekea Ngome. Muuza kahawa akatumiminia vikombe viwili akaendelea na mzunguko wake. Ami hakunywa. Alikishika kikombe kwa vidole vitatu, akakitazama, kisha akaniuliza bila kuniangalia usoni:

"Nimesikia huko Ulaya wamtetea muuwaji. Ni kweli yambo hilo?"

Ami ni mwalimu wa madrasa. Watoto wengi wa Langoni wamepita mikononi mwake, na mimi nimo. Nikamwambia ni kweli, nilifanya kazi na mawakili wa kamanda mmoja wa vita aliyeshtakiwa mbele ya mahakama ya kimataifa, ila hayo ya kuua ndiyo yaliyokuwa yakibishaniwa. Hakunijibu. Alinisomea aya tu: "Walaa takun lilkhaainiina khasiimaa." Suratun Nisaa, aya ya 105. Wala usiwe mtetezi wa wahaini. Akakiweka kikombe chini, kahawa imejaa vilevile, akasimama akenda zake.

Usiku ule sikupata usingizi. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyotaka kumwambia, na mengine nilikuja kumwambia baadaye.

Kwanza kazi yenyewe. Mimi sikuwa wakili wa kuvaa joho na kusimama mbele ya majaji. Nilisomea sheria, lakini nilichoajiriwa ni lugha: kuusoma ushahidi uliokuwa kwa Kiswahili na kuwaeleza mawakili kilichosemwa hasa. Jina la mteja wetu sitalitaja, wala nchi yake, wala mwaka. Nilikula kiapo cha siri na kiapo hicho bado ki shingoni mwangu.

Siku za mwanzo nilipewa picha za daftari. Lilikuwa daftari la shule, la mistari, jalada limelegea, na kila ukurasa umejaa mwandiko wa mtu wa redio wa kikosi: saa, jina la siri la anayetuma, jina la siri la anayepokea, kisha ujumbe. Mtu yule aliandika mbiombio. Maneno mengine aliyakata katikati, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na lugha nyingine mbili. Ukurasa mmoja ulikuwa na mstari huu: *Wageni wamefika. Wapokeeni vizuri.*

Kwenye tafsiri iliyokuwa katika jalada la mashtaka, wale wageni walikuwa "adui", na kule kupokewa vizuri kulikuwa "kushambuliwa". Sisemi aliyefasiri alikusudia uongo. Wanajeshi kila mahali hufumba maneno, na mfasiri huyo huenda aliwahi kukutana na fumbo kama hilo kwingine. Lakini mimi nimelelewa Lamu. Kwetu mgeni akishuka gatini hupokewa mzigo kabla hajaulizwa jina, na nilipousoma mstari ule mara ya kwanza nikaona mzigo na maji ya kunywa. Hapo ndipo nilipopata khofu. Niliona wazi kwamba na mimi nilikuwa naufasiri kwa mazoea ya kwetu, kama yule mwenzangu alivyoufasiri kwa mazoea yake.

Nikalisoma daftari lote, mstari kwa mstari, siku kumi na moja. Maneno yale yalitokea mara nne. Mahali pamoja ujumbe uliofuata, nusu saa baadaye, uliomba mchele na mablanketi kwa ajili ya wageni. Hao walikuwa wageni kweli, wajumbe waliotoka mbali. Mahali pengine, tarehe ilikuwa ileile ambayo shahidi baada ya shahidi alisema ndiyo siku nyumba zilipochomwa. Katika zile mbili nyingine hapakuwa na la kushika.

Niliyaandika yote, la mchele na la moto, nikampelekea wakili kiongozi. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye sauti ya chini, anayesoma na penseli mkononi. Aliisoma ripoti yangu mara mbili. Nilidhani atanituma nikatafute njia ya kulifunika lile la moto. Akasema kwa tarehe ile ya pili hatuna hoja ya lugha na hatutaitoa. Basi kwa tarehe ya mchele tulisimama mahakamani na tafsiri ikarekebishwa. Kwa tarehe ya moto tulikaa kimya, mashtaka yakasema yao na majaji wakaandika.

Watu wakisikia "kumtetea mhalifu wa kivita" hudhani ni kumpaka mtu mafuta mpaka ang'ae. Nilichokiona mimi ni kukaa na daftari siku kumi na moja ili mtu asibebeshwe mchele kama ni moto.

Anayeona haya ni mambo madogo ya wanalugha, na aitazame kesi ya Bosco Ntaganda, ambaye mimi sikuhusika naye. Alikuwa miongoni mwa wakuu wa jeshi la waasi la FPLC huko Ituri, mashariki mwa Kongo. Machi 2013 aliingia mwenyewe katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali akaomba apelekwe The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Kesi ilianza Septemba 2015, na tarehe 8 Julai 2019 alitiwa hatiani kwa makosa yote 18. Akafungwa miaka 30, na rufaa yake ikakataliwa Machi 2021. Ndani ya hukumu ile ndefu mna maneno matatu ya lugha yetu: *kupiga na kuchaji*. Ndiyo amri waliyopewa askari walipokwenda kushambulia. Mtu wa Lamu akisikia kuchaji atafikiria simu na umeme. Askari waliokuwako walieleza mahakamani walivyoielewa: wapige wote, mwenye silaha na asiye nayo, na vyote wavipore.

Kiswahili chetu kikasimama kizimbani. Mawakili wa utetezi walipata nafasi ya kuwahoji waliosema maana ni hiyo, na majaji wakasikiliza kisha wakaamua. Ndiyo sababu hukumu ile naiamini. Laiti maneno yale yangepita bila mtu kuyagonga aone kama yana ufa, leo ningebaki na shaka kwamba watu wasioijua lugha walijifasiria watakavyo.

Jambo la pili ambalo watu hawalijui ni jinsi ilivyo vigumu kumhukumu kamanda. Askari aliyeshika panga ni rahisi: alikuwapo au hakuwapo, alikata au hakukata. Kamanda huenda alikuwa mbali. Mkataba wa Roma, ulioiunda ICC, uliopitishwa 1998 na kuanza kutumika Julai 2002, una kifungu cha 28 kinachosema kamanda anaweza kubeba uovu wa askari wake hata kama hakutoa amri. Lakini mashtaka yathibitishe kwamba askari hao walikuwa chini ya udhibiti wake hasa; kwamba alijua, au kwa hali ilivyokuwa ilimpasa ajue; na kwamba hakuchukua hatua zote za lazima na za kufaa zilizokuwa katika uwezo wake ili awazuie, awaadhibu, au awapeleke kwenye sheria.

Sisi watu wa majahazi tunaijua sheria hii bila kuisoma. Nahodha hujibu kwa yanayotendwa na mabaharia wake. Lakini je, nahodha aliyebaki Lamu, na jahazi liko Kismayu? Alikuwa na uwezo gani? Habari zilimfikia lini, na kwa kinywa cha nani?

Kesi ya Jean-Pierre Bemba, kiongozi wa waasi wa Kongo, ilikuwa hiyohiyo. Yeye alikuwa Kongo na wapiganaji wake aliwapeleka Jamhuri ya Afrika ya Kati, 2002, kumsaidia Rais Ange-Félix Patassé. Waliua, walinajisi wanawake, walipora. Machi 2016 Bemba alitiwa hatiani akapewa miaka 18. Tarehe 8 Juni 2018 majaji wa rufaa, watatu kwa wawili, wakamwachia: walisema mahakama ya kwanza ilikosea ilipopima hatua alizoweza kuchukua kamanda aliye mbali, askari wake wako nchi ya watu. Wakati huo alikuwa amekaa kizuizini miaka 10. Na waathirika waliokubaliwa kushiriki katika kesi ile walikuwa 5,229. Mimi, kwa ninavyoisoma, naona wale majaji wawili waliopinga walikuwa na hoja nzito zaidi, na nikiwafikiria wale watu 5,229 moyo hunisinyaa. Lakini lawama siwezi kuwatwika mawakili waliouliza swali ambalo sheria yenyewe inalitaka liulizwe.

Kuna mawakili wa kulaumiwa. Wakili kiongozi wa Bemba wakati wa kesi, Aimé Kilolo, alitiwa hatiani Oktoba 2016 pamoja na Bemba mwenyewe na wengine watatu, kwa kuwaharibu mashahidi 14. Huo si utetezi. Wakili akishamfundisha shahidi la kusema, ameiba kesi mikononi mwa wote, hata mikononi mwa mteja wake.

Upande wa mashtaka nao huteleza. Kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi mwingine wa wapiganaji wa Kongo, ya kwanza kabisa ya ICC, majaji waliisimamisha Juni 2008 kabla haijaanza, kwa kuwa waendesha mashtaka walikuwa na nyaraka zaidi ya 200 ambazo hawakuwapa utetezi, na miongoni mwazo mlikuwa na za kumfaa mshtakiwa. Kesi ikaanza Januari 2009 mambo yaliporekebishwa, na Lubanga akapatikana na hatia Machi 2012, kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto vitani, wale ambao Kongo huwaita kadogo.

Sasa nije kwenye lile ambalo sikumwambia ami usiku wa kwanza, kwa sababu sikuwa na uso wa kulisema.

Katika kesi yetu alikuja shahidi mwanamke. Alitoa ushahidi kwa njia ya video kutoka mahali ambapo sisi hatukuambiwa. Umma haukuona uso wake wala kusikia sauti yake halisi, lakini sisi tuliokuwa ndani ya chumba tulimwona. Alikuwa amejitanda leso ya rangi ya machungwa, na kila alipofika mahali pagumu aliivuta ncha ya leso akaifunga fundo kidoleni, akaifungua, akaifunga tena. Alisema alikimbia usiku na mtoto mgongoni. Alisema alipofika kwenye kijito alimfungua mtoto ili amnyonyeshe. Hapo akanyamaza. Wakalimani nao wakanyamaza, na kwa muda nilisikia pumzi zake tu kwenye vidude vya masikioni.

Kisha ilikuwa zamu yetu. Wakili kiongozi hakumkaripia wala hakumwambia asema uongo. Alimpa pole, akamuuliza kama anahitaji kupumzika, akamuuliza maswali machache. La mwisho lilikuwa: "Mama, kamanda mwenyewe ulimwona kwa macho yako?"

Mwanamke akasema: "Sikumuona. Nilisikia watu wakisema yupo."

Basi, maswali yakaisha. Kwa sheria lile lilikuwa jibu kubwa. Lilikuwa na maana kwamba shahidi aliyeletwa kuthibitisha kuwa kamanda alikuwapo hakumwona. Nililiandika kwenye karatasi yangu na kulipigia mstari. Nilipoinua macho mwanamke bado alikuwa kwenye kioo, hajui kwamba tumemaliza naye, anangoja aulizwe habari za mtoto.

Hakuna aliyemuuliza. Mtoto hakuwa sehemu ya ubishi. Sote tulikubali kwamba alikufa. Mahakama ile ina mawakili wa waathirika, na wa kwao alisimama, akasema maneno mazuri. Lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba, nina mstari chini ya jibu lake, na mstari ule haujanitoka mpaka leo. Swali lilikuwa la haki. Lilipasa kuulizwa. Na yule mama aliondoka akiwa amechukuliwa kitu kingine tena.

Usiku wa pili niliomba ruhusa niende nyumbani kwa ami. Nikamkuta ukumbini amekaa juu ya mkeka, taa imewashwa, juzuu ya tafsiri ya Kurani imefunguliwa mbele yake. Alikuwa amenitangulia.

"Ndoo, keti," akasema.

Nikamuuliza kama anaikumbuka Juni ya 2014. Swali la kijinga, hakuna mtu wa Lamu asiyeikumbuka. Usiku wa tarehe 15 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni, na kabla ya siku mbili kwisha waliouawa walikuwa wapata 60. Baada ya hapo kila mtu akawa mshukiwa. Mpaka gavana wetu alikamatwa akapelekwa kortini, na baadaye kesi ikaondolewa. Ikaja amri ya kutotoka nje usiku, na wavuvi wa usiku wakakaa na nyavu zao kavu. Vijana wakaanza kuchukuliwa. Mmoja alikuwa wa mlango wa tatu kutoka kwa ami, mwanafunzi wake. Walikuja watu wasiojitambulisha, wakampandisha boti, na mpaka leo mamake hajui kaburi li wapi.

Ami ndiye aliyezunguka kumtafuta. Alikwenda ofisi baada ya ofisi, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, na kila mahali alisema neno moja tu. Nililisikia mwenyewe siku niliyomsindikiza: "Kama ana kosa, mpelekeni kortini, na apate wa kumsemea." Hakusema kijana hana kosa. Hakuwa na ujuzi huo. Aliomba korti na msemaji.

Nikamkumbusha. Akakaa kimya kwa muda mrefu.

Kisha akaivuta ile juzuu karibu na taa. Akanisomea wanayoyasimulia wafasiri wengi juu ya kushuka kwa aya ile. Mtu mmoja wa Madina, Tu'ma bin Ubayriq, aliiba deraya, vazi la chuma la vita. Alipoona anakaribia kukamatwa, akaificha kwa Myahudi mmoja, na deraya ikakutwa huko. Jamaa zake Tu'ma wakaja kwa wingi kwa Mtume wamsemee ndugu yao, na ushahidi wa macho ulikuwa dhidi ya Myahudi. Ndipo aya zikashuka kumtakasa yule Myahudi, ambaye katika mji mzima hakuwa na wa kumsemea.

"Aya hii ukiisoma nusu," akasema ami, "utamfukuza wakili. Ukiisoma nzima, utamtafuta." Akageuza ukurasa. "Lakini imekataza pia. Usisahau imekataza. Yule wakili wa Kongo aliyewanunua mashahidi, hiyo ni aya yake."

Nikamsimulia habari za Jenerali Tomoyuki Yamashita wa Japani, aliyeshtakiwa Manila mwishoni mwa 1945, mji bado ni vifusi, kwa maovu ya askari wake. Waliomtetea walikuwa maafisa wa jeshi la Marekani, adui zake, na walimtetea kwelikweli, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi yao huko Washington. Walishindwa. Alinyongwa tarehe 23 Februari 1946. Nikamsimulia na Profesa Jwani Mwaikusa, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa akimtetea mshtakiwa katika mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha. Julai 2010 alipigwa risasi akafa nyumbani kwake Dar es Salaam. Ami akasema innaa lillaahi, akauliza kama aliacha watoto.

Tulikaa mpaka karibu na daku. Nilimweleza daftari na wale wageni, akacheka kidogo, akasema mtu wa redio alipaswa kufundishwa imla. Nilimweleza habari za nahodha na Kismayu. Mwisho, kwa kuwa lilikuwa limebaki hilo tu, nikamsimulia yule mama, leso ya machungwa, fundo la kidole, na swali letu.

Ami akavua kofia akaiweka juu ya goti.

"Na yeye jina lake nani?"

Nikamwambia siwezi kulitaja. Hata mahakamani halikutajwa. Aliitwa kwa namba.

"Namba gani?"

Nikamwambia hata hiyo siwezi, ami, nimeapa.

Akainua mikono akamwombea hivyohivyo, yeye na mtoto wake, nami nikaitikia amina.